Mgeni Akienda, Kasa Amwachie Nani?

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni nitakaowazungumza leo hawangoji siku ya tatu. Jembe hulitaka siku ile ile ya kushuka kwenye ndege, tena wengi wao hulilipia kwa fedha zao wenyewe. Ni vijana, na baadhi yao watu wazima waliokwisha kustaafu, watokao Uingereza, Ujerumani, Uholanzi, Marekani na kwengineko, wanaofunga safari hadi mwambao wetu kuja kufanya kazi bila ya mshahara. Huosha vizimba vya tumbili waliogongwa na magari, humwangalia kasa aliyemeza plastiki, huokota taka ufuoni, na huingia madarasani kuwafundisha watoto wetu kwamba wanyama nao wana haki ya kuishi.

Jambo hili huzungumzwa sana barazani, na mazungumzo yenyewe huenda pande mbili. Wako wanaocheka, wakisema kwamba Mzungu amekosa la kufanya kwao, ndiyo maana akaja kumlea tumbili na hali wana wa watu wana njaa. Na wako wanaoinamisha vichwa, wakiona kila alifanyalo mgeni ni jema maadamu limetoka ng'ambo. Mimi, ndugu msomaji, sikai na hawa wala na wale. Langu ni swali moja tu, nami nataka tulitazame kwa utulivu: mgeni huyu akishamaliza wiki zake nne au miezi yake mitatu, akafunga sanduku lake akarudi kwao, kazi ile anamwachia nani?

HAKI YA MGENI

Kwanza tumpe mgeni haki yake, kwa kuwa dhuluma ni mbaya hata ikiwa ya maneno. Mwaka 1997 palianzishwa Diani kikundi cha kuwalinda mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, ambao wenyeji huwaita kuluzu. Barabara ya lami imepita katikati ya msitu wao, na walipokuwa wakivuka walikuwa wakigongwa na kufa. Kikundi kile kikatundika juu ya barabara madaraja mfano wa ngazi. Mbega, kima na tumbili wakayazoea, wakawa wanyama wapita juu na magari yapita chini. Yeyote apitaye njia ile huyaona. Pana pia mahali pa kuwatibu wanyama waliogongwa au waliounguzwa na nyaya za umeme, na katika mikono inayofanya kazi hiyo, mingi imekuwa ya wageni wa kujitolea wakisaidiana na wenyeji.

Mwaka huo huo wa 1997 ulianza ulinzi wa kasa kule Watamu. Mvuvi akimnasa kasa wavuni bila ya kukusudia, huwaita walinzi badala ya kumchinja. Kasa hupimwa, huvishwa kibati chenye nambari, kisha hurudishwa baharini. Na akiwa ana jeraha au maradhi, hupelekwa kutibiwa kwanza. Naye mvuvi hupewa kifuta jasho kwa wakati wake uliopotea na wavu wake uliochanika. Kwa njia hii maelfu ya kasa wamerudi baharini wakiwa hai.

Basi anayecheka na acheke, lakini kwanza ajibu: kasa wale maelfu wangekuwa wapi? Mtu aliyeacha starehe za kwao, akaamka usiku wa manane kwenda kutembea ufuoni akitafuta kiota cha kasa ili akihamishe mahali ambapo maji ya bamvua hayafiki, huyo amefanya wema. Na kwetu sisi wema haufutwi kwa rangi ya aliyeutenda.

HESABU YA KASA

Pamoja na hayo, kasa mwenyewe ana hesabu yake, na hesabu hiyo haipatani na tikiti ya ndege.

Kasa jike hupanda ufuoni usiku, akachimba shimo, akataga mayai mia moja na zaidi, akayafukia, kisha akarudi majini asiyatazame tena. Baada ya miezi miwili hivi, vitoto huchomoza mchangani vikakimbilia bahari. Wataalamu hukisia kwamba katika kila elfu, labda mmoja ndiye atakayefika ukubwani. Na huyo mmoja, akiwa jike, atazunguka baharini miaka ishirini, thelathini au hata zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo lionekanapo lile la ajabu katika maajabu ya Muumba: hurudi kutaga katika pwani zile zile alikozaliwa. Hana ramani wala dira, lakini kwao hapapotei.

Tupige hesabu pamoja. Mtoto wa miaka kumi aliyesimama leo ufuoni Watamu au Kiunga, akatazama vitoto vya kasa vikiingia majini, atakuwa na umri wa miaka arobaini hivi siku yule mmoja aliyesalimika atakaporudi. Mgeni aliyeshika kurunzi usiku ule atakuwa wapi? Huenda akawa ni bibi mwenye wajukuu huko Hamburg, na picha ya kasa ukutani mwake. Atakayekuwapo pwani ni yule mtoto wetu. Yeye ndiye atakayeamua kama kasa atakuta mchanga au atakuta ukuta wa hoteli. Kama atakuta giza, au atakuta taa kali zinazowapoteza watoto wake wakaelekea barabarani wakidhani ndiyo bahari. Kama atakuta mlinzi, au atakuta mtu mwenye panga na sufuria.

Kwa hivyo, kazi ya mgeni siipimi kwa idadi ya kasa aliowaosha. Naipima kwa mtoto yule, na kwa mwalimu wa mtoto yule. Kama mgeni amekuja akaenda, na hapana mwenyeji hata mmoja aliyejua zaidi ya alivyojua jana, basi ametutendea wema wa siku moja, nao kasa wanataka wema wa miaka thelathini.

MNYAMA SI MWANASESERE

Liko la pili. Katika kazi hizi kuna wema, na kuna kivuli cha wema, na mgeni wa siku chache hana macho ya kuyatenganisha. Kitoto cha tumbili kilichofiwa na mama hutaka maziwa, joto na mlezi. Lakini mwisho wa yote hutaka kurudi kwa tumbili wenziwe. Kikizoea kubebwa na kila mgeni ajaye, leo huyu kesho yule, kitakua kikimwona mwanadamu ndiye jamaa yake. Siku kitakapopelekwa msituni hakitajua kumwogopa mtu, na tumbili asiyemwogopa mtu huingia jikoni, huiba, hupigwa mawe, hufa. Wale wenye ujuzi wa kazi hii hulijua jambo hilo, na ndiyo sababu huwakataza wageni kuwakumbatia wanyama kwa ajili ya kupigwa picha. Ukiona mahali panapomwuzia mgeni raha ya kumbeba mtoto wa mnyama wa mwitu, jua hapo pana biashara iliyovaa kanzu ya huruma.

Afrika Kusini wameyaona haya kwa uchungu. Vijana wengi kutoka ng'ambo walikuwa wakilipa fedha waende kuwanyonyesha watoto wa simba kwa chupa, wakiambiwa ni mayatima na kwamba watarudishwa porini. Mwaka 2015 ilitoka filamu iitwayo Blood Lions, ikafichua kwamba simba waliokuzwa katika mazizi ya namna hiyo huishia kupigwa risasi ndani ya ua na matajiri wanaolipia uwindaji, na mifupa yao ikauzwa. Mwaka 2021 serikali ya nchi ile ikatangaza kwamba inataka kuukomesha ufugaji huo. Wale vijana waliokuwa wakitoa chupa hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na nia njema na ujuzi mchache, na hawakukaa muda wa kutosha kumwona simba wao alikoishia.

Yaliyo kwa mnyama yako kwa mtoto pia. Mtoto wa darasa la tatu hujiwa na mgeni mchangamfu, akaimbishwa nyimbo za kasa, akapakwa rangi usoni, akapigwa picha. Anampenda yule mgeni. Mwezi ukiisha mgeni haonekani, akaja mwengine na nyimbo zile zile, akaanza tena pale pale alipoanzia mwenziwe, kwa kuwa hakuna aliyemwambia watoto wamekwisha kufika wapi. Mtoto akifundishwa herufi ya alifu kila mwezi na mwalimu mpya, ataijua alifu mpaka azeeke, na juzuu hataimaliza.

LUGHA YA BAHARI IKO KWETU

La tatu, na ndilo linaloniuma zaidi mimi ambaye kazi yangu ni maneno. Somo lile aghalabu hutolewa kwa Kiingereza, pamoja na picha zilizochapishwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Kibajuni au wa Kidigo hurudi nyumbani akiamini kwamba elimu ya kasa imekuja kwa meli kutoka Ulaya. Hajui kwamba babu yake alimtofautisha kasa na ng'amba, na duvi, na noa, kila mmoja kwa gamba lake, ukubwa wake na tabia yake, kabla hata hakijafika chuo kikuu chochote katika nchi hizi. Hajui kwamba Wabajuni na wavuvi wengine wa pwani hii walikuwa wakimtumia samaki aitwaye chazo, yule mwenye kinata kichwani, wakamfunga kamba mkiani, wakamwachia amfuate kasa na kumnata, kisha wakavuta. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika habari hiyo kwa mshangao.

Sisemi turudi kuvua kasa kwa chazo. Nasema kwamba mtu asiyemjua kasa hawezi kumvua namna hiyo. Ni lazima awe amejua wapi analala, saa ngapi hupanda kuvuta pumzi, na majira gani huja pwani. Elimu ile ile iliyomvua ndiyo inayoweza kumlinda. Hiyo ni mali iliyomo vifuani mwa wazee ambao wengi wao sasa wamekaa vibarazani na hapana anayewauliza.

Wala tusijidanganye kwamba wazee wetu hawakuwa na lawama. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza baada ya Nabii Isa kinataja magamba ya kasa pamoja na pembe za ndovu miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa pwani hii. Kwa hivyo biashara ya ng'amba ina umri wa miaka elfu mbili kwetu. Gamba lake zuri ndilo lililomponza, na tangu mwaka 1996 ng'amba amehesabiwa duniani kuwa katika wanyama waliokaribia mno kutoweka. Wanunuzi walitoka mbali, lakini wavuvi walikuwa wetu. Yafaa basi na walinzi wawe wetu.

KUJITOLEA SI NENO GENI

Wako watakaosema kwamba watu wetu hawana desturi ya kujitolea kwa ajili ya wanyama. Hayo ni maneno ya mtu asiyetazama nyuma.

Mwaka 1968, wanafunzi wa shule za sekondari katika Kenya ndio walioanzisha vyama vya wanyama pori mashuleni, vilivyokuja kuenea nchi nzima na kuwa mfano kwa nchi nyingine za Afrika. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo ulioko hapo hapo Diani, haukubakia na miti yake kwa bahati. Wazee walikataza shoka kwa vizazi na vizazi, na mwaka 2008 shirika la UNESCO likaziingiza kaya za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Mbega wanaopata majani na kivuli mle wanakula matunda ya mwiko wa wazee. Na kule Kuruwitu, katika Kilifi, wavuvi walipoona samaki wamepungua, mnamo mwaka 2005 waliamua wenyewe kuifunga sehemu ya bahari yao isivuliwe. Mtu maskini kujinyima samaki wa leo ili mtoto wake apate wa kesho, kama huko si kujitolea basi neno hilo halina maana.

Tukumbuke na Disemba 2004. Gharika ya bahari iliyotoka Asia ilipofika Malindi, kiboko mdogo aliyekuwa amesukumwa baharini kutoka mto Sabaki alionekana amekwama kwenye miamba. Tarehe 27 wavuvi, wanavijiji na wageni waliokuwapo wakaingia majini kwa kamba na majarife, wakahangaika naye saa nyingi mpaka akatolewa hai. Akapelekwa Haller Park huko Bamburi, akapewa jina la Owen, na huko akafanya urafiki na kobe mkongwe aitwaye Mzee. Vitabu vya watoto vimeandikwa juu yao, na watoto wa dunia nzima wakavisoma. Nauliza: ni watoto wangapi wa Malindi wanaojua kwamba waliovuta kamba ile ni baba zao na majirani zao? Tumewaachia wengine wasimulie kisa chetu, kisha tukashangaa wanapotudhania sisi ni watazamaji tu.

CHUONI NA NYUMBANI

Sasa nageukia kwetu hasa. Sisi tuliokaa juu ya mikeka ya chuo tukiwa wadogo tulisimuliwa habari ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Na ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa, akaingia Motoni. Tulisimuliwa kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipomwona ndege anahangaika kwa kuchukuliwa makinda yake, aliamuru yarudishwe. Na Kitabu kimetufundisha kwamba wanyama na ndege ni umma kama tulivyo sisi. Mgeni hakutuletea huruma. Huruma tulikuwa nayo. Tulichokosa ni kuitoa katika visa vya zamani tukaipeleka ufuoni na barabarani.

Mfano ni kasa huyo huyo. Wengi wa wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu hapa pwani, wamesema kwamba kasa haliwi kwa kuwa huishi majini na nchi kavu, ijapokuwa wako waliomhalalisha. Ni mas'ala yanayojulikana katika vitabu vya fikihi. Je, ni vyuo vingapi vinavyomfundisha mtoto wa mvuvi mas'ala hayo, ilhali ndiyo yatakayomkabili siku wavu utakapovutwa?

Na hili si jambo la kupendeza roho tu. Ni jambo la mauti na uhai. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu walikula nyama ya kasa. Watoto wanane na mtu mzima mmoja wakafariki, na wengine 78 wakalazwa hospitali. Nyama ya kasa mara nyingine huwa na sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa, wala haijulikani kwa harufu au ladha, na watoto ndio inaowaua upesi. Haikuwa mara ya kwanza Pemba kuzika watoto kwa sababu hiyo. Mungu awarehemu. Mtu anayesema kwamba kumfundisha mtoto habari za kasa ni mchezo wa watalii, na aende akawaambie wazazi wa Panza.

MGENI WA MISALI

Pemba hiyo hiyo ndiko kulikotoka mfano ninaoupenda. Magharibi yake kiko kisiwa kidogo cha Misali, ambacho wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri alifika hapo, akataka kusali na hapakuwa na mkeka, akakifanya kisiwa chenyewe ndio msala wake, nacho kimeelekea kibla. Wavuvi wengi hutegemea maji yake. Mwaka 1998 kisiwa kikatangazwa kuwa mahali pa hifadhi. Lakini makatazo ya serikali pekee hayakutosha, na baruti ziliendelea kulipuliwa na kuvunja matumbawe.

Ndipo shirika la CARE likashirikiana na taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya Uingereza iitwayo IFEES, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, Mwislamu mzaliwa wa Sri Lanka. Bwana huyu na wenziwe walikuwa wageni kama wageni wengine. Lakini tazama walivyofanya. Hawakuwakusanya watoto wakawaimbisha. Waliwaendea maimamu, walimu wa vyuo, wavuvi na viongozi wa vijiji, wakakaa nao kutazama Kurani imesema nini juu ya viumbe, juu ya israfu, na juu ya amana aliyopewa mwanadamu. Yakaandikwa mafunzo ya kutumiwa na walimu. Kisha wageni wakaondoka, na khutuba za Ijumaa zikabaki, na mwalimu wa chuo akabaki, na watoto wakabaki mbele yake. Wavuvi ambao waliwakwepa askari waliona haya kumkwepa Mola wao.

Huyo ndiye mgeni aliyejua kazi yake. Alimfundisha yule atakayebaki.

NINAYOYATAKA

Kwa hiyo sitaki wageni wafukuzwe, wala sitaki waabudiwe. Nataka mambo manne.

La kwanza ni kwa wanaowapokea wageni. Kila mgeni wa kujitolea na awekwe pamoja na kijana wa hapa, bega kwa bega, na katika fedha anazolipa mgeni, fungu lijulikanalo limlipe kijana huyo. Najua mtaniambia, mbona yeye asijitolee bure kama mwenziwe? Jibu langu ni fupi. Mgeni amejitolea akiwa ameshiba, na nauli ya kurudi anayo mfukoni. Kijana wa Msambweni mwenye mama na ndugu watano wanaomtazama hawezi kuacha kibarua miezi mitatu amwangalie tumbili. Njaa haijui hifadhi. Mlipeni, mfundisheni kutibu, kupima na kuandika hesabu, na baada ya miaka mitano mtakuwa na mganga wa wanyama asiyehitaji viza. Wako mahali ambako kazi hii imekwisha kuanza, na wenyeji ndio wanaoongoza; wengine na waige.

La pili ni kwa wanaoingia madarasani. Somo liwe kwa Kiswahili, liandikwe, libaki shuleni mikononi mwa mwalimu wa shule. Mgeni akae nyuma ya darasa amsaidie mwalimu; asikae mbele akamfanya mwalimu ni mkalimani. Na mtoto asipigwe picha ikapelekwa ulimwenguni bila ya idhini ya mzazi wake. Wao kwao hawaruhusu, na sisi watoto wetu si wa rahisi.

La tatu ni kwa walimu wa vyuo, wazazi na wazee. Siku moja katika mwezi yatosha. Watoto wapelekwe ufuoni maji yakiwa yamekupwa, pamoja na mvuvi mzee mmoja. Mzee awaonyeshe mwani, kaa, pweza na alama za kasa mchangani, awatajie majina. Mwalimu awasomee yale yaliyokuja juu ya rehema kwa viumbe. Hakutaki ruzuku, hakutaki ofisi, hakutaki gari lenye nembo mlangoni. Kunataka tu tuamini kwamba bahari nayo ni somo.

La nne ni kwa wenye uwezo na mamlaka. Kujitolea ng'ambo kusiwe njia ya kwenda upande mmoja, kama maji ya mfereji. Mbona vijana wetu nao wasisafiri? Ras al-Jinz, katika Omani, kasa hutaga kwa wingi, na mwaka 1996 pakafanywa hifadhi. Omani kuna maelfu ya watu wanaozungumza Kiswahili kama mimi na wewe, wana damu yao hapa na makaburi ya wazee wao hapa. Kijana wa Lamu au wa Watamu akipelekwa huko msimu mmoja akaona wenziwe wanavyofanya, na kijana wa Sur akaja kwetu kuona jinsi mvuvi na mlinzi walivyopatana juu ya wavu, kila mmoja atarudi kwao na kitu. Kusi na kaskazi zilikuwa zikichukua watu na elimu kwenda na kurudi. Leo kuna ndege kila siku, nasi tumeshindwa na lililowezekana kwa tanga.

Watu wa pwani hatujawahi kumfungia mgeni mlango, na Mungu atujaalie tusianze sasa. Ajapo, tumkaribishe, tumpe maji, tumpe na kazi. Lakini tumwulize kwa adabu, siku ile ile ya kwanza, jina la mwenyeji atakayemwachia kazi hiyo akiondoka. Akiwa hana jina la kutaja, tumpe sisi: tumchagulie kijana, tumchagulie mwalimu wa chuo, tumwitie na mzee mmoja anayeijua bahari. Walimu wa vyuo wanaosoma ukurasa huu, msimu wa kaskazi bahari hutulia, wachukueni watoto.